Kumfuta Mama Tabu

Jumanne, 6 Juni 1995

Balaa! Mwalimu Skolastika kagawa nafasi za mchezo wetu wa kipindupindu. Mimi ni Mama Tabu, mwanamke asiyechemsha maji. Kisa: sauti yangu bado nyembamba, na wazazi wa Ujiji hawataki binti zao wapande jukwaani. Darasa zima likapiga vigelegele. Leodgar, anayecheza mume wangu, akauliza mbele ya watu kama mahari yangu ipelekwe Burundi nilikotoka au imalizwe hapahapa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha jambo. Anayepaka rangi ni Ikram, binti wa kidato cha pili. Baba yake kamruhusu kukaa nyuma ya pazia tu, mradi Mwalimu awepo. Kanipaka poda, wanja, rangi ya mdomo. Mazoezi yalipokwisha wenzangu wakaenda kujisugua ziwani kwa gwanji, sabuni ya mawese inayopikwa mitaani. Mimi kuigusa tu, mashavu yakawaka kama nimepakwa pilipili. Ikram akaona. Akasema ngozi yangu ni ya kitoto, haitaki sabuni kali. Akanikalisha kwenye benchi na kuniamuru nifumbe macho.

Mafuta ya mise! Ya kokwa za mchikichi, bibi yake huyapika mwenyewe. Akayatia kwenye pamba, akaiweka juu ya kope, akaiacha. Hasugui. Anasema wanja ukisubiriwa unatoka wenyewe, ukilazimishwa unanuna. Kidole chake hakinigusi hata kidogo, katikati kuna pamba. Nimeanza kuipenda pamba. Nikasikia mawimbi, nikasikia mtu akitwanga huko mbali, nikadhani nimelala. Mwisho maji ya vuguvugu na kipande cha kanga kuukuu, kwa kugusagusa.

Nilianza shule kwa Kifaransa, sasa naishi kwa Kiswahili. Katika lugha zote mbili nikashindwa kusema asante.

Jumatano, 7 Juni

Kanifuta tena. Nilipofumba macho nikaona ziwa limetulia kama mafuta, na milima ya Zaire ng'ambo inafutika taratibu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayeisugua. Nilipofumbua, Leodgar yuko usoni pangu. Masharubu yake ya mkaa huyafuta kwa kiwiko. Akatangaza kwamba mke wake anaogeshwa kama kichanga. Ikram akacheka! Simpendi Leodgar.

Huzuni: onyesho ni Jumamosi, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Baada ya hapo hakuna rangi, hakuna kufutwa. Nimewaza sana. Ngozi yangu ikiharibika zaidi, itahitaji kutunzwa zaidi, pengine hata baada ya onyesho. Mpango safi. Kesho asubuhi, gwanji na dodoki.

Alhamisi, 8 Juni

Nimejisugua. Mpango umefaulu kupita kiasi. Jicho la kushoto limeziba. Shangazi Ndayikunda, ninayekaa kwake tangu tuvuke mpaka, akanishika kidevu na kunigeuzia kwenye mwanga. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, tulikimbia na ngozi zetu tu. Nayo hiyo unaichezea?" Nilisahau hata Ikram. Kwa muda mfupi.

Shuleni Ikram akanitazama kwa muda mrefu. Raha! Halafu akamgeukia Mwalimu, akasema uso huu usipakwe kitu chochote hadi upoe, si poda wala mise, maji matupu tu. Eti ngozi iliyochokozwa dawa yake ni kuachwa. Dawa hiyo sikuwa nimeifikiria.

Mwalimu akauliza nani atakuwa Mama Tabu. Leodgar alinyoosha mkono swali halijaisha. Mimi nimepewa umume: natapika, naanguka, nakufa.

Jioni Leodgar kakaa kwenye benchi langu. Kafumba macho. Katabasamu chini ya pamba!

Ijumaa, 9 Juni

Lazima nipone kabla ya kesho nirudishiwe gauni langu. Mise hutoka kwenye mchikichi. Mawese hutoka kwenye mchikichi uleule. Shangazi ana chupa nzima jikoni! Kwetu milimani hakuna michikichi, lakini mimi ni mwepesi wa kuelewa. Nimejipaka tabaka nene. Nalala hivi hivi.

Jumamosi, 10 Juni

Nimeamka rangi ya chungwa. Mto pia. Haitoki!

Mzee Gharib, mwenye nyumba wetu, alikuwa uani. Nikamwamkia shikamoo. Akasahau marahaba, akarudi nyuma hadi akakanyaga beseni, akapaza sauti kwamba hii ni homa ya manjano, mtoto akimbizwe hospitali. Shangazi akatoka, akanipitishia kidole shavuni, akakilamba. Akasema ni mawese. Akasema ni mawese yake. Akasema maharage ya wiki nzima nitayala bila mafuta.

Mwaloni watu walijaa. Nikajikokota mbele na uso wangu, nikajifanya kutapika mara moja. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Mvuvi akapiga kelele niondolewe, huyu mgonjwa kweli! Nilipokufa wengine walilia. Mwalimu kafurahi, kasema Jumatano tunakwenda kuurudia mchezo kijijini Ilagala.

Halafu pigo. Baba yake Ikram alikuwepo. Kasema binti yake apake rangi ikibidi, lakini wavulana wafutane wenyewe. Basi Ikram akanipa mimi chupa ya mise, akasema nimekaa kwenye benchi lile vya kutosha, najua kazi. Akaongeza, macho chini, kwamba gwanji haizibi jicho la mtu asiyeisaidia. Kumbe alijua! Masikio yangu yakawa mekundu chini ya uchungwa.

Leodgar alikuwa kafumba macho, anangoja. Akafumbua. Tukatazamana. Alilosema siliandiki.

Nikamfuta. Ikram kasimama pembeni, mikono nyuma, akiniambia polepole, usivute kope, iache pamba ikae. Nikaivuta kwa haraka. Leodgar akapiga yowe. Ikram akasogea karibu yangu kunionyesha. Karibu kabisa. Nywele zake zinanukia mise.

Jumapili, 11 Juni

Padri alihubiri, mimi nilikuwa ziwani ndani ya mtumbwi wa pamba. Baada ya misa Shangazi kaniapisha mbele ya kanisa: sitauchezea tena uso wangu. Nimeapa kwa moyo wote. Ujanja unaharibu ngozi, nimeshaona.

Lakini nimekumbuka jambo. Jana nilipopatia, Ikram alibaki pembeni. Nilipokosea, alisogea.

Jumatano Ilagala nitakosea sana. Kiapo kilikuwa cha uso wangu. Wa Leodgar sikuutaja.