Ushindi wa Alhamisi

Idara ya Maadhimisho inapenda kuutangazia umma kwamba ushindi wa kwanza wa taifa letu katika mashindano ya kimataifa ya timu za sataranji utapatikana siku ya Alhamisi, mara baada ya hotuba ya Mheshimiwa Waziri.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Mkurugenzi wa Idara na Kiongozi wa Msafara, na mpaka leo naliona zuri. Alhamisi Idara ilikuwa inatimiza miaka kumi. Kanuni yetu mama iko wazi: tukio lolote la kihistoria sharti liangukie kwenye kumbukumbu ya tukio jingine la kihistoria, la sivyo historia inatapakaa ovyo. Ni kweli Alhamisi tulipangiwa kucheza na mabingwa watetezi, lakini hilo lilikuwa suala la kiufundi, nami si mtu wa ufundi.

Balaa lilianza Jumanne. Wachezaji wetu watatu walitoka sare. Meza ya nne alikaa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, nesi wa wodi ya wazazi, na mpinzani wake alikuwa anafuta jasho kwa tai. Shemeji akishinda, timu nzima imeshinda. Siku mbili kabla ya wakati!

Nikamwinamia. "Shemeji, omba sare."

"Sare ya nini? Huyu nimeshambana, hana pa kutokea."

"Ndiyo maana nakuomba. Ushindi umepangwa Alhamisi."

"Alhamisi mimi sipo. Ruhusa yangu inaisha kesho, na matroni hana mchezo. Halafu nikimshinda huyu napata daraja la umahiri. Miaka yote hii nalitafuta, shemeji, najifunza kwenye simu huku kina mama wanapiga kelele za uchungu."

"Taifa litakukumbuka."

"Lini?"

Nikamjibu kwamba suala hilo lingeundiwa kamati ndogo.

Mpinzani hakujua hata neno moja la lugha yetu, lakini alielewa kila kitu. Akaninyooshea mkono kukubali sare, uso umemchanua. Nikaupokea kwa niaba ya taifa. Mwamuzi akaja mbio kunieleza kwamba mkono wangu hauhesabiki, na kwamba nikifungua mdomo tena nitatolewa nje.

Shemeji akaisogeza ngome yake taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga. Mpinzani akamtazama mfalme wake, akamlaza chali kukiri kushindwa. Wachezaji wetu wakamrukia shemeji, naye akalia bila kujificha. Hata mimi nilitoa leso, ingawa kwa sababu za kiutawala.

Simu ikaita. Waziri.

"Mkurugenzi, nasikia tumeshinda!"

"Kwa bahati mbaya, Mheshimiwa."

"Watu wamejaa barabarani wanapiga honi. Nataka kuwahutubia jioni hii hii. Leo ni kumbukumbu ya nini?"

"Linafanyiwa kazi, Mheshimiwa."

"Si wewe uliyesema taifa halisherehekei hivi hivi? Haya, tafuta!"

Nikampigia karani wangu, mama aliyekaa Idarani muda mrefu kuliko viti vyenyewe.

"Bosi, tarehe hii ni tupu. Nimepekua vita, wafalme, mafuriko, hamna. Kipo kitu kimoja tu, ila sijui kama utakipenda."

"Taja, mama, Waziri anasubiri."

"Ndiyo siku aliyofukuzwa mkurugenzi aliyekutangulia."

Nikamfikishia Waziri kama ilivyo, maana kanuni ni kanuni. Nikamsikia akichangamka.

"Safi sana! Lakini mkurugenzi mmoja aliyefukuzwa hajazi hotuba. Wakiwa wawili, hiyo ni desturi ya taifa."

"Wawili, Mheshimiwa? Wa pili nani?"

"Linafanyiwa kazi," akasema, akakata simu.

Hotuba ilikuwa nzuri, sina kinyongo. Siku hizi tarehe hiyo ni mapumziko kwa nchi nzima: wananchi wanasherehekea ushindi wa shemeji na kufukuzwa kwangu, kwa gwaride moja ili kubana matumizi. Mwaka huu na mimi nilivaa suti nikaenda uwanjani. Askari wa getini akanizuia, akasema viti vya mbele ni vya wahusika.

Shemeji, mgeni rasmi, akageuka kutoka jukwaani.

"Mwache apite, afande," akasema. "Huyo ndiye maadhimisho yenyewe."