Risasi Pungufu za Bunduki ya Mzee Gunnar

Jumatatu, 10 Juni
Leo baba mkwe wangu, Mzee Gunnar, kanipa bunduki yake ya kale ya kuwindia nyati nipige moja. Moja tu! Kishindo cha ajabu, bega nusura lihame, moshi mweupe ukafunika nusu ya Montana. Nikangoja. Nikangoja tena. Ndipo kutoka kule mlimani ikaja: ngweee! Kondoo wa chuma, shabaha yetu, chali. Raha hiyo hata pai ya mke wangu Lorna haioni ndani. Kisha mzee akatangaza kwamba anazeeka, na bunduki haendi nayo kaburini. Jumamosi tutashindana nayo, mimi na mwanawe Virgil. Atakayeangusha wanyama wengi wa chuma ataichukua. Kila mtu aje na risasi alizojaza mwenyewe. Virgil kacheka, kasema shemeji yake ataangusha kofia yake tu. Tutaona!

Jumanne, 11 Juni
Baruti nyeusi imepanda bei vibaya. Lorna kasema kopo moja ni bei ya kung'oa jino, na jino lake linauma tangu Pasaka. Baruti yangu inatosha nusu tu ya risasi ninazotaka. Nikafikiri. Nani kasema lazima ganda la risasi lijae? Nimeweka nusu kila ganda, nikabana kichwa cha risasi juu. Kwa macho huoni tofauti. Zimejipanga kisandukuni, nzuri! Watu hawana akili tu.

Jumatano, 12 Juni
Mungu wangu. Nilipita dukani kwa Ordell, muuza baruti, kununua fataki za akiba, zile za kitakoni zinazowasha baruti. Nikamkuta anamwonya mteja: baruti nyeusi ukiiachia nafasi tupu ndani ya ganda, umekwisha. Lazima kichwa kiikalie na kuigandamiza. Ukutani katundika mtutu uliopasuka, umechanika kama ganda la ndizi. Nikauliza mwenye mtutu ule yuko wapi. Nikasema namuulizia rafiki. Ordell akajibu yupo, ila siku hizi anatafuna upande mmoja. Nimerudi bila fataki.

Alhamisi, 13 Juni
Nimejaribu kung'oa vichwa kwa koleo. Kila nikivuta nafumba macho na kugeuza shavu. Kimoja kimetoka, kimepondeka. Kifaa cha kung'olea anacho Virgil, na nikimwomba atajua. Lorna akachungulia, akauliza mbona natokwa na jasho kama mwenye uchungu wa kuzaa. Nikasema joto. Akasema nje kunanyesha. Pesa sina, baruti imebaki ya kunusa, na keshokutwa bunduki ile itakaa kwenye shavu langu!

Ijumaa, 14 Juni
Virgil alikuja kula. Gari lake halifungwi, kama magari yote huku, na kisanduku chake cha risasi kilikuwa kiti cha mbele. Sawa kabisa na changu. Alipokuwa anaongeza nyama nikasema natoka kuangalia mvua. Nikabadilisha. Zake kwangu, zangu kwake. Ushindi!
Shangwe ilidumu hadi kahawa. Nikamtazama anavyotafuna, pande zote mbili, kwa furaha. Ndugu pekee wa mke wangu! Nikajiambia labda haitapasuka. Bunduki nyingi hazipasuki. Virgil akanipiga bega, akauliza mbona nimepauka hivyo, kushindwa hakuui mtu. Nikaomba radhi, nikaenda kulala na viatu.

Jumamosi, 15 Juni
Mtutu safi haulengi vizuri. Risasi ya kwanza huwa ya kuupaka masizi, na kwa desturi yetu huipiga mwenye bunduki. Nilisahau! Mzee Gunnar akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, akachukua risasi kwenye kisanduku cha Virgil. Akaisukuma ndani. Lorna kalala ubavuni mwake na darubini, anamtafutia kondoo. Mzee akavuta nyundo ya bunduki. Klik! Akaweka shavu.
Nikaruka. Nilimwangukia baba mkwe mgongoni, mbele ya klabu nzima ya walenga shabaha. Bunduki ikaenda huku, kofia yake kule. Nikalia kama mtoto, nikasema yote: baruti, mtutu wa Ordell, kisanduku. Mzee akaitoa ile risasi, akaitikisa sikioni. Ikachakarika kama njuga. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akasema polepole, "Mkwe wangu, leo umeniokoa kutoka mikononi mwako mwenyewe." Kampa Virgil bunduki palepale, bila shindano. Lorna hajanisemesha tangu tutoke huko.

Jumapili, 16 Juni
Virgil kapiga simu. Kasema shemeji, yaliyopita si ndwele, njoo jioni upige chache, ila uje na risasi zako. Moyo wa dhahabu, au mjinga. Lorna kaniapisha kwamba nimekoma. Na kweli nimekoma! Nimekaa chini, nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Kumbe kupunguza baruti hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa ile nafasi tupu. Sasa nafasi si hujazwa? Baruti ile ya kunusa nimeigawa kidogo kidogo, juu nikashindilia unga wa mahindi wa jikoni. Nimetikisa: kimya kabisa.
Lorna amesema atakuja kutazama. Nimemwomba akae nyuma ya gari. Ameuliza kwa nini. Nimesema moshi.