Jinsi Elpidio Alivyodai Fedha Alizokwisha Kulipa, Ili Azilipe Tena

Tegeni masikio, enyi wenye bustani na enyi walipa kodi, niwasimulie vita vya Elpidio Scarponi, simba wa Montefosco, dereva mstaafu wa basi la shule, mwenye miaka themanini na mmoja na goti moja zima, aliyeikabili hazina ya Italia pasipo kumwaga chochote ila kahawa kidogo.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba atakayekarabati bustani yake atapunguziwa kodi, sehemu ya gharama imrudie kidogo kidogo kwa miaka kumi. Elpidio akaagiza apandiwe ua wa mikomamanga. Mkewe Iole, malkia asiyepingwa, akaziwekea nadhiri fedha zitakazorudi: zitatengeneza ngazi za mlangoni, zilizokwisha kumwangusha.

Lakini hata simba hujikwaa. Elpidio alimlipa mtunza bustani, Nazzareno wa mikono mipana, kwa hawala ya kawaida ya benki, na penye sababu ya malipo akaandika: ahsante kwa miti. Domiziana, msaidizi wa mambo ya kodi, aliisoma akavua miwani. Hawala ya kupunguziwa kodi, alieleza, sharti iitaje sheria yenyewe na namba za kodi za mlipaji na mlipwaji. Hii ilikuwa na adabu tu. Dawa ni moja: Nazzareno arudishe fedha zote, alipwe upya kabla mwaka haujafungwa. Nayo keki ya Krismasi ilikuwa imeshakatwa.

Ndipo shujaa akajifunga shali mithili ya deraya, akashuka kilima hadi baa, ngome ya Nazzareno, ambako karata zilikuwa zikichezwa. Alipotaja haja yake, karata zikasimama.

"Nazzareno mwanangu," akanena, "nilikubeba kwenda shule, ukanitapikia basi kila Jumatatu, wala sikumwambia baba yako. Leo nirudishie fedha zangu, nipate kukulipa."

"Ngoja nielewe, mzee. Nikupe hela ili unipe hela?"

"Zilezile."

"Na ukifa katikati?"

"Utamdai Iole."

Nazzareno akamfikiria Iole kwa muda mrefu. "Basi usife," akasema, akatoa simu, akazirudisha fedha mbele ya baa nzima.

Kesho yake Elpidio akaiandika hawala mpya kwa kidole kimoja, na Domiziana akaikubali. Elpidio akarudi nyumbani kifua mbele, akamtangazia mkewe ushindi.

"Miaka kumi," akasema Iole. "Mimi ngazi natengeneza sasa hivi, kwa akiba yangu. Wewe utanirudishia kila mwaka. Na usithubutu kukosa hata mmoja, Elpidio. Nakuhitaji."

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za Montefosco, chini ya vita na matetemeko, kwamba jioni ile Elpidio Scarponi, mshindi wa hazina, alimeza dawa yake ya presha bila kukumbushwa.