Asilimia Thelathini ya Miguu ya Martina

Zamoyoni alikuwa kocha tangu Jumanne. Kabla ya hapo aliuza viwanja visivyokuwepo, na ya nyuma zaidi anayajua yeye na polisi. Uwanjani Ngokolo alimwona binti akiwaacha wavulana mbali, tena peku. Pembeni alisimama mama mwenye simu mbili na vumbi la machimbo ya Bulyanhulu kwenye raba. Zamoyoni alimtazama binti mara moja, mama mara tatu, akaning'iniza filimbi shingoni.

"Shikamoo, mama. Huyu wako?"

"Marahaba. Martina wangu. Kamaliza kidato cha sita, anataka chuo, na duara langu, shimo la dhahabu, huu mwaka wa pili halijatoa kitu. Ada nitaitoa wapi?"

"Ada? Marekani wanamsomesha bure kwa mbio zake, baadaye timu zinamgombania! Mimi ndiye ninayewapeleka. Fomu na viza, milioni mbili tu."

Mama Martina, aliyelisha wachimbaji miaka kumi na miwili, hata kope haikumcheza. "Akifanikiwa, wewe unapata nini?"

"Asilimia thelathini," alijibu Zamoyoni, maana kocha asiye na tamaa angeshukiwa.

"Basi umeingia duarani. Kwetu machimboni anayetaka mgao haombi hela. Analisha wachimbaji, ananunua vifaa, mpaka mawe yatoke. Mtunze Martina mwezi mmoja nijue unaiamini miguu yake. Duara likitema, nakupa nne."

Milioni nne! Tapeli naye ana moyo wa nyama. Zamoyoni akanunua viatu vya mbio, maziwa, mayai, mchele wa Kahama. Akauza televisheni yake. Akalipa hata nauli ya Mwanza, ambako Mama Martina alisema binti anakwenda kujipima na wenzake. Kibaya zaidi, alianza kuamka alfajiri kumpimia muda kwa simu, na Martina alipopunguza sekunde mbili alishangilia kwa furaha ya kweli, hadi akajionea aibu.

Wiki ya nne Mama Martina alirudi kutoka Mwanza, meno yote nje.

"Wabeja, Kocha! Asante sana! Chuo kimemchukua. Kashinda majaribio ya wanariadha, anasoma bure miaka mitatu!"

Zamoyoni aliruka juu, kisha akakumbuka kazi yake. "Na zile nne?"

"Duara bado halijatema."

"Na Marekani?"

"Marekani yako niliijua siku ile ile. Lakini viatu vilikuwa vya kweli, baba, na mtoto wangu hakuwa navyo." Akafungua mkoba, akatoa daftari jipya. "Mimi simdhulumu mtu mgao wake. Alichopata Martina ni masomo, na asilimia thelathini ni yako. Likizo atakufundisha, siku tatu katika kila kumi. Andika jina."

Zamoyoni alijifuta viganja kwenye suruali. Akalipokea daftari kwa mikono miwili, akaomba kalamu.