Nadharia ya Glavu Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mvuke wa maji ya kuogea umetanda ukumbini hapa makao ya wazee, nao wanaelea ndani yake kama mawazo yasiyokamilika. Matroni ametangaza kuwa Ijumaa atateua kiongozi wa zamu. Nafasi ni yangu. Mpinzani wangu pekee ni mwenzangu tunayemwita Pangusa, anayenawa kila atokapo kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Upotevu wa muda! Mimi nitavaa glavu tatu kwa mpigo. Nikimaliza kumsafisha mzee mmoja, navua ya juu. Chini yake mna glavu mpya. Muda utakaobaki ni wa kusoma.

Jumanne, 4 Juni
Nadharia imesimama. Mzee wa kitanda cha dirishani, mwalimu mstaafu, aliuliza kulikoni vidole vyangu vimenenepa. Nikamweleza historia ya usafi tangu enzi za kale. Alisinzia, bila shaka kwa kuridhika. Pangusa akataka kujua, kaka, hiyo ni mikono au mikungu ya ndizi. Mimi nilikuwa natazama mwanga ukipita kwenye pazia.

Alhamisi, 6 Juni
Hila. Kabla ya kuwasafisha wazee, Matroni alitupaka unga wa bluu kwenye glavu, tuone uchafu unakosafiri. Wa Pangusa uliishia kwenye pipa la taka. Wangu ulisafiri. Yasemekana vidole vichafu vinapoivua glavu ya juu huichafua ya chini. Bluu kwenye kitasa. Bluu kwenye miwani ya Mwalimu na kikombe cha meno yake. Bluu kwenye paji langu la uso, mahali ninapofikiria. Mwalimu amekataa nimguse tena: meno ni ya bandia, kasema, lakini tumbo ni lake mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Pangusa ndiye kiongozi. Nilimthibitishia Matroni, kwa hoja zilizopangika, kwamba unga si kijidudu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanihamishia chumba cha kufulia.

Jumamosi, 8 Juni
Kumbe ukombozi. Glavu zilizotumika hutupwa, nani aliyewahi kuzifikiria? Nimeziokota kwenye pipa, nimezifua, nimezianika. Upepo umezijaza, kamba nzima inanipungia mikono, polepole, kama umati wa watu walionielewa hatimaye. Matroni anakatiza ua kuja huku, karibu anakimbia. Nimechomekea shati. Hotuba ya shukrani itakuwa fupi.