Kisanduku cha Kuokoa Maji Moto

Quincy alinusa pesa kabla hata hajafika mapokezi. Katika lojing'i moja ya River Road, mgeni aliyejifunga taulo alikuwa akifoka kwamba ameogeshwa maji ya barafu na baridi yote hii ya Julai, naye mwenye lojing'i, Mama Waringa, akimjibu kuwa hulizima tangi la maji moto kwa sababu linakula tokeni za stima kama halijawahi kuona chakula.

"Mama, hiyo shida yako imepata daktari," Quincy akadakia, akatoa kisanduku cheusi chenye taa ya kijani. Ndani alikuwa ametia mchanga, kipate uzito wa kuheshimika. "Unachomeka tu kwa soketi. Stima ile inapotea, inarudishwa kwa tangi. Elfu arobaini pekee."

"Wacha nione wiki moja. Ikifanya, nalipa."

Wiki nzima! Landlodi wake wa Kinoo alikuwa amempa siku nane za kulipa kodi, la sivyo atolewe vitu nje. Na mchanga, tuseme ukweli, haujawahi kumpunguzia mtu bili. Basi mlaghai wetu akafanya jambo la aibu kabisa: akafanya kazi. Siku ya pili alipanda paani, eti anakagua nyaya, akalifunika tangi kwa mablanketi yake matatu mazito, akayakaza kwa nailoni na kamba. Kisha akabadilisha washa, vile vipira vya ndani, za mifereji yote iliyovuja maji moto. Lilimtoka jasho la halali, na halikumpendeza hata kidogo.

Wiki ilipoisha akarudi, amenyoa, anang'aa.

"Tokeni ya siku tatu sasa inafika siku tano," Mama Waringa akakiri.

"Si nilikuambia? Hiyo kisanduku ni noma!"

"Kisanduku nilichomoa siku ile ile uliileta. Mimi naogopa vitu za kuwaka-waka." Akamsukumia. "Nikapanda juu kuangalia, nikapata mablanketi. Ni yako?"

Quincy akapiga hesabu haraka. Akikubali, amekiri kisanduku ni takataka. Akikataa, usiku atatetemeka. Akachagua heshima yake. "Yangu? Mama, mimi ni mtu wa teknolojia."

"Ai, pole." Mama akafungua droo, akaonyesha bahasha nene. "Huyo fundi wa mablanketi nilikuwa nimemwekea elfu arobaini yake. Kazi safi, tena bila kelele."

Quincy alitaka kulia. "Sasa nikikumbuka vizuri, mama, moja ilikuwa na maua..."

"Hapa lojing'i kila blanketi iko na maua." Droo ikafungwa. "Beba kisanduku yako. Na ukitoka ufunge mlango, kijana yangu, baridi inaingia."