Miduara ya Unga wa Muhogo

Jumatatu, 4 Mei 2020

Blessing amemaliza sasa hivi kula tangazo la mtaa. Si lote. Nusu ya chini tu. Nilimpa alishike nikoroge uji, nikageuka, nikasikia mtu anatafuna. Nimemtia kidole mdomoni nikatoa mhuri na herufi tatu. Adhabu iko salama, imeandikwa juu kabisa: kibanda kitakachovunja masharti ya korona kitafungwa. Kilicholiwa ni masharti.

Na kibanda chenyewe ndicho hiki kinachotulisha! Kipo ubavuni mwa mashine ya mpunga ya Mzee Ngassa, hapa Kahama, na wabeba magunia wote wanakunywa uji kwangu. Baba Blessing yuko machimboni Geita. Kila akipiga simu anasema dhahabu ni mwezi ujao. Mwezi ujao huo umeshatimiza mwaka.

Bahati nzuri Mheshimiwa Diwani Felician amepita mwenyewe na gari la spika. Alisimama mbele ya mashine akapiga muziki mpaka tukajaa. Watu mia tatu hivi, tumebanana, kiwiko cha mtu kikiwa sikioni mwangu. Tulipojaa vizuri akatangaza kwamba mikusanyiko ni marufuku. Tukapiga makofi.

Akasema Ijumaa anakagua vibanda. Ndoo ya koki, sabuni, na wateja wasimame mbalimbali, mita moja moja. Asiyetimiza anafungiwa, na nafasi yake anapewa mwenye nidhamu.

Dorah, yule wa chapati ng'ambo ya barabara, akanyoosha mkono. Akauliza kama mwenye nidhamu anaruhusiwa kuanza kupima hiyo nafasi leo. Huku ananitazama mimi!

Boaz, mbeba magunia, akanong'ona kwamba Mheshimiwa hata akijifungia ndani mwaka mzima mshahara utamfuata kitandani. Yeye Boaz akijifungia siku mbili atafuatwa na njaa. Watu wakacheka sana. Mheshimiwa akadhani wanamshangilia, akatupungia.

Sina wasiwasi. Mpaka Ijumaa nitakuwa na mpango.

Jumanne, 5 Mei

Zimekuja barakoa za Mheshimiwa. Moja kwa kila nyumba, mpokezane. Zina picha yake anatabasamu. Ukiivaa mdomo wake unakaa juu ya mdomo wako, ukiongea anachezesha taya. Boaz ameivaa akaanza kutuahidi lami na maji ya bomba. Gunia limemdondoka kwa kucheka, Mzee Ngassa kamfokea, akamjibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea.

Ndoo nimepata. Ni ile ya kumwogeshea Blessing. Nimeitoboa, nimetia koki. Blessing amelia kama amefiwa. Nilipogeuka koki haipo, maji yote miguuni kwa wateja. Tumetafuta nusu saa. Aliyeigundua ni Bibi Nyamizi: ilikuwa shavuni mwa Blessing, kaitunza kama pipi.

Bibi Nyamizi ni jirani yangu wa ukutani. Ananishikia mtoto nikiwa kazini na hataki chochote, kikombe cha uji tu. Mgongo umempinda, na macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kuni maisha yake yote, jiko lisilo na dirisha. Blessing anamwita Bii. Mimi bado hajaniita kitu.

Dorah naye kanunua ndoo mpya ya bluu, ameichora maua. Akapita kwangu kunipa pole ya ndoo yangu. Eti hata ya kwangu si mbaya, kwa maji ya kuku ingefaa.

Ngoja tu.

Alhamisi, 7 Mei

MPANGO UMEPATIKANA!

Mita moja moja! Dorah hawezi kupanga wateja wake mita moja moja, wanamsonga kama nzi. Mimi nitachora miduara chini, kila mteja na mduara wake. Mheshimiwa akifika anakuta watu wamepangwa kama shule. Atanisifu kwenye spika. Dorah atasikia.

Chokaa madukani imeisha. Lakini ninao unga wa muhogo aliouleta mama mkwe kutoka Ushetu, mweupe kuliko hata chokaa. Kichwa kinafanya kazi. Ningesoma zaidi ya darasa la saba sijui ningekuwa nani.

Nimechora jioni mashine ilipofungwa, ili iwe ajabu asubuhi. Miduara kumi na miwili. Nimeinama mpaka kiuno kinawaka. Nimevua viatu nisiache alama. Nimerudi kinyumenyume nisikanyage kazi yangu. Katikati ya kila mduara nimeweka kijiwe kimoja, mteja ajue pa kusimama. Blessing alikuwa mgongoni, nimemfunika na kitenge cheusi asipigwe na upepo. Amedondosha yai alilopewa na Bibi kwenye mduara wa kati, limepasuka. Nimeliacha, mbwa watalilamba.

Imependeza! Nimeitazama kutoka barabarani mpaka nikajisikia kulia.

Ijumaa, 8 Mei

Mungu wangu.

Nimefika saa kumi na mbili. Wabeba magunia wote wako barabarani, hakuna aliyevuka. Nikasema moyoni, wanashangaa kazi nzuri. Nikamsogelea Boaz nikamuuliza anaonaje. Akanivuta mkono nyuma. Akaniambia Mama Blessing usisogee, mashine imerogwa.

Nikauliza imerogwaje. Akanihesabia kwa vidole. Unga mweupe. Vijiwe. Nyayo za mtu asiyevaa viatu, aliyetembea kinyumenyume. Na yai.

Jamani! Kwa kuhesabiwa vile hata mimi niliogopa.

Mashine haikuwashwa. Malori matatu ya mpunga yamegeuza. Mzee Ngassa amekaa juu ya gunia, kofia mkononi, anaorodhesha maadui zake kwa sauti, na alianza na shemeji yake. Nikapata mpango wa haraka: nifagie. Nilipochukua ufagio wanaume wanne wakapiga kelele, wakasema nitabeba mkosi niupeleke kwa mtoto. Wakaninyang'anya ufagio. Wakauchoma moto! Ufagio wangu mpya.

Saa nne Mheshimiwa akafika. Gari likasimama mbali. Kioo kikashuka kidogo, kiasi cha spika kupita. Akauliza ile nyeupe ni nini. Akaambiwa. Kioo kikapanda. Kikashuka tena. Akasema ni wapinzani wake, mwaka huu ni wa uchaguzi, wamejua leo atakanyaga pale. Akaamuru kesho saa tatu uwe mkutano wa watu wote, aliyefanya ajulikane. Mzee Ngassa akamkumbusha kuwa mikusanyiko ni marufuku. Akajibu kwamba huu si mkusanyiko, ni kikao cha dharura cha kuzuia mikusanyiko.

Ningecheka. Lakini Dorah akasema yeye jana jioni alimwona mtu. Mwanamke, nguo nyeusi, mgongo na nundu, anarudi kinyumenyume.

Nundu ni Blessing!

Lakini watu hawakumfikiria Blessing. Nilisikia mmoja akisema mgongo, wa pili akasema macho, wa tatu akataja jina. Bibi Nyamizi. Tena kwa huku kwetu, bibi akishatajwa hivyo na macho yake mekundu, hakuna wa kumlinda.

Nilitaka kusema. Nikisema ni mimi, mchawi ni mimi. Kibanda kwaheri, na nani atakunywa uji wa mchawi?

Nimemchukua Bibi alale chumbani kwetu, nimemwambia kwake nimeona nge. Amekuja na kigoda chake na uzi wa kufuma. Hajauliza. Blessing amefurahi, amelala amemshika kidole. Baba Blessing amepiga simu, nikamsimulia miduara bila kutaja mchoraji. Akasema huko machimboni wakikuta kitu kama hicho hakuna anayeshuka shimoni wiki nzima, na aliyefanya ni bora akimbie. Kisha akauliza sisi hatujambo.

Hatujambo, nikamwambia.

Jumamosi, 9 Mei

Nitaandika yote. Kwa mpangilio sasa.

Saa tatu watu walikuwa wengi kuliko Jumatatu. Wote wamevaa barakoa, kwa hiyo Mheshimiwa alikuwa anatabasamu kila mahali, na yeye mwenyewe yuko ndani ya gari. Miduara ipo vilevile, ililindwa usiku kucha. Bibi nilimwacha nyumbani. Hakukaa. Vijana walimfuata, akaja anatembea na fimbo yake, akawaamkia watu mmoja mmoja kama kawaida yake, mwangaluka, mwangaluka. Hawakuitikia. Mtu mzima anawaamkia, hawaitikii!

Dorah akaulizwa kama ndiye. Akasema nguo ni nyeusi na mgongo ni ule. Baadaye akaongeza kwamba ilikuwa jioni, macho yana mavumbi, hawezi kuapa. Hakuna aliyesikia hiyo ya mwisho. Kijana mmoja akaokota jiwe.

Nilikuwa nasema sasa hivi nasema, sasa hivi nasema. Naapa nilikuwa nakaribia. Ila mgongo wangu ukawa mwepesi. Blessing kateleza kutoka kwenye kitenge, kapita kati ya miguu ya watu, mbio zile zake, kaingia mduara wa kwanza. Kakaa. Kaweka kiganja kwenye unga. Kalamba.

Watu mia tatu walipiga yowe moja.

Nilikimbia mpaka ndani. Nikasimama katikati, juu ya kijiwe changu, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mimi! Ni mimi nimechora! Ni unga wa muhogo wa mama mkwe! Nundu ni huyu hapa, anakula! Nikauzoa nami nikala, mkavu, nikapaliwa. Nikasema nilitaka Mheshimiwa aone mita moja moja, na yai ni la bahati mbaya, na kama kuna wa kupigwa ni mimi, Bibi juzi kutwa alikuwa anamlisha mwanangu.

Blessing akahamia mduara wa pili.

Boaz ndiye aliyeanza kusema. Akauliza kama huo unga ndio ninaochanganya kwenye uji wetu. Nikasema kidogo tu, siku unga wa mahindi ukipungua. Akatafakari. Akasema ndiyo maana tunashiba. Mtu akacheka, wa pili akacheka, na yule kijana akaliweka jiwe chini taratibu, kama vile alikuwa analipima uzito tu. Mzee Ngassa akaja akasimama mduara wa tatu, akakanyaga kwa nguvu mara mbili, akamwambia fundi awashe mashine. Jana alishampigia simu shemeji yake akamtukana, sasa hajui aanzie wapi kumwomba radhi.

Na Bibi? Wale vijana walikuja mmoja mmoja wakamwambia shikamoo Bibi. Akawasikiliza. Akawaacha wakae na hiyo shikamoo mdomoni muda mrefu, ndipo akawapa marahaba.

Ndipo spika ikalia. Mheshimiwa alisema miduara ile ni mpango wake, aliubuni muda mrefu, na wananchi wameupokea vizuri. Kuanzia Jumatatu kila kibanda lazima kichore. Mimi ni mfano wa kuigwa! Watu wakapiga makofi. Tukamwomba ashuke asimame mduara mmoja apigwe picha. Akasema ana kikao. Dereva akapitisha gari upande wa pili kabisa, matairi mawili mtaroni, asikanyage hata mmoja.

Jioni nilimpigia Bibi magoti nimwombe msamaha. Akasema mayu, yaani mama, ungeniuliza. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa rangi. Anayo chokaa debe zima chini ya kitanda.

Jumapili, 10 Mei

Nimeamka nimejaa nguvu. Kibanda ni changu! Dorah amekuja na chapati mbili za moto, za kuomba radhi. Zilikuwa nzuri. Sijamwambia.

Tatizo ni moja. Kuku wa mtaa mzima wamekula miduara. Sasa Jumatatu kila kibanda kitakuwa na miduara, na Dorah ameshaniuliza kwa utaratibu kama Bibi ana chokaa ya kugawa. Wote tutakuwa weupe! Mfano wa kuigwa hawezi kufanana na walioiga.

Nimekaa nimefikiri. Yangu itakuwa myekundu. Nimesaga matofali mawili tangu asubuhi, vumbi jekundu kama nini, kuku hawali. Linaonekana mpaka barabarani. Nimelichanganya na maji kidogo lishike chini vizuri, limekuwa zito, linang'aa.

Na sabuni, maana Blessing anaila. Nimekata vipande kumi na viwili, kila kipande nimekifunga ndani ya kitambaa cheusi, suruali ya zamani ya baba Blessing, fundo kwa uzi, vidogo vidogo hivi. Nimevitundika mlangoni kwetu kwa kamba, kesho nivihamishie kibandani. Kila mteja na chake. Unavuta, unanawa, unaachia. Nimeongeza vitano nikavitundika mlangoni kwa Mzee Ngassa, kama zawadi, kesho akifungua mashine avikute.

Nitachora jioni hii, watu wakishaondoka. Kitenge ni kilekile, viatu nitavua. Mara hii nimejifunza: yai nitaliacha nyumbani. Nani tena anaweza kufikiria vibaya, wakati watu wote wa mtaa wanajua kwamba

Bibi ananiita huko nje, kwa jina langu lote la ubatizo, anauliza hivi vitu vyeusi vinavyoning'inia mlangoni ni vya na